Jiwe Lililooza na Sahani za Makaburi ya Mwambao

Katika makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na katika kaburi la mnara lililoko Mambrui, kaskazini ya Malindi, na katika mengine mengi ya mwambao wetu, waashi wa zama zilizopita walikuwa na desturi ya kupachika sahani na bakuli za kigeni, na hasa za Kichina, ndani ya kuta za matumbawe na chokaa, ili kaburi la mtu mwenye daraja lipambwe kwa kitu kilichovuka bahari. Na ijapokuwa vyombo vingi vimevunjika au vimebanduliwa na wezi, mashimo ya mviringo yaliyobaki katika lipu yanatuonyesha dhahiri ukubwa wa vile vilivyokuwapo. Wataalamu wa mambo ya kale wamevifanya vigae vya vyombo hivyo kuwa hati zao. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani, walivitegemea sana katika kukadiria umri wa misikiti na majumba, na Mwingereza Mortimer Wheeler, alipozuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955, alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina alivyovikuta baina ya Dar es Salaam na Kilwa, hata akaona kwamba taarikhi ya mwambao huu imezikwa ardhini kwa maandishi ya vigae hivyo.

Hayo yamekwisha elezwa na wenye elimu yao, wala sina la kuwasahihisha. Lakini taarikhi ya sahani haianzi katika jahazi, wala katika maghala ya Bara Hindi, wala hata katika tanuri la mfinyanzi wa Uchina. Huanza katika jiwe, na katika mvua iliyolinyeshea jiwe hilo kwa maelfu na malaki ya miaka mpaka likaoza. Ni habari hiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kuwa naamini kwamba nusu ya ajabu ya vyombo vile imo ndani yake, na kwamba sisi watu wa mwambao, ambao wazee wetu walivienzi hata wakavijengea makaburini mwao na katika zidaka za nyumba zao za Lamu na Pate, tunastahiki kuijua.

Miongoni mwa madini yote yanayolifanya gamba la dunia, hakuna yaliyo mengi kama jamii ya feldispa, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu ya gamba hilo. Mtu akipasua jiwe la itale, kama yale matale makubwa yaliyorundikana kandokando ya ziwa huko Mwanza, ataona ndani yake chembe za kijivu zisizo na umbo maalumu, nazo ni kwatzi. Ataona vipande vyembamba vinavyometameta, navyo ni ulanga. Na ataona chembe nyeupe au za rangi ya waridi, zenye nyuso bapa, ambazo aghalabu ndizo nyingi kuliko zote, nazo ndizo feldispa. Ndani ya fuwele zake, silika na alumini zimeshikamana kwa oksijeni zikafanya kiunzi kigumu, na katika nafasi za kiunzi hicho zimekaa chembe za potasiamu, au za sodiamu, au za kalsiamu. Na kadiri wakazi hao watatu wanavyotofautiana, ndivyo feldispa zinavyotofautiana katika umri wao mbele ya mvua.

Mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa kidogo njiani, kisha ikazama ardhini, ambako mizizi inayopumua na viumbe vidogo vinavyoozesha majani vimezijaza nafasi za udongo hewa hiyo hiyo, kwa kiasi kinachoweza kuizidi ile ya nje mara 10 hata mara 100, na maji yakageuka kuwa tindikali hafifu mno ambayo ulimi hauwezi kuitambua. Tindikali hii haina nguvu, ila ina subira. Chembe za haidrojeni zilizomo ndani yake huanza kuingia penye kasoro za fuwele, pale ambapo mpangilio ulikosea tangu jiwe lilipopoa, zikazing'oa potasiamu na sodiamu na kalsiamu na kushika mahali pao. Na darubini zenye nguvu zimeonyesha kwamba uso wa feldispa iliyotoka udongoni hauliwi sawasawa, bali umetobokatoboka vishimo vyenye pembe, kila kimoja kikifuata kasoro yake. Kiunzi kikisha kulegea, sehemu kubwa ya silika huyeyuka ikaondoka na maji kuelekea mitoni, ilhali alumini, ambayo karibu haiyeyuki katika maji ya namna hii, hubaki pale pale pamoja na silika kiasi, zikajipanga upya, na maji ndani yake, zikawa tabaka nyembamba laini za madini mengine kabisa, meupe, yasiyo na fuwele za kuonekana kwa jicho, na hayo ndiyo kaolini.

Hesabu ya kemia katika jambo hili ni ya kustaajabisha. Ratili 100 za feldispa safi ya potasiamu, zikigeuka zote, huacha kaolini ratili 46 hivi, na katika hizo 46, zaidi ya ratili 6 ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, maji ambayo jua la kiangazi haliwezi kuyatoa. Zaidi ya nusu ya kile kilichokuwa jiwe kimekwenda zake, na aliye na jicho la kutazama anaweza kuikuta kazi hii imesimama katikati: jiwe linaloonekana zima, umbo lake na mistari yake yote ipo, lakini ukilibonyeza kwa kidole linavunjika, kwa sababu feldispa zake zimekwisha kuwa udongo na kwatzi peke yake ndiyo iliyobaki ngumu.

Si feldispa zote zinazokufa kwa kasi moja. Samuel Goldich, Mmarekani aliyeandika mwaka 1938 juu ya kuoza kwa miamba, alionyesha kwamba madini yaliyoganda mwanzo, katika joto kubwa kabisa la chini ya ardhi, ndiyo yanayooza upesi yakifika juu, na yale yaliyoganda mwisho, katika joto dogo zaidi, ndiyo yanayostahimili. Kwa hiyo feldispa ya kalsiamu hutangulia, ya sodiamu hufuata, ya potasiamu hukawia, na kwatzi huzishinda zote. Mwaka 1984 Antonio Lasaga alikadiria, kwa vipimo vya maabara, kwamba fuwele ya milimita moja ya feldispa ya kalsiamu ingeyeyuka kwa muda wa karne moja na ushei, ilhali ile ya sodiamu ingechukua maelfu mengi ya miaka, na kwatzi miaka milioni 34. Na huko nje, katika udongo wenyewe, mambo huenda polepole zaidi ya maabara, mara mamia na hata maelfu, kwa kuwa maji hayafiki kila mahali, na yakifika hukaa yakashiba kile ilichokitoa fuwele, na nyuso za zamani huvikwa utando wa madini mapya. Tofauti hii ya maabara na shamba imewashughulisha maulama wa elimu ya miamba kwa miongo mingi, wala mjadala wake haujafungwa.

Sasa twende Uchina. Kaskazini mashariki ya mji wa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, upo mlima wa Gaoling, na hapo ndipo kaolini ilipopatia jina lake. Mji wenyewe ulipewa jina mwaka 1004 na mfalme Zhenzong wa ukoo wa Song. Wafinyanzi wake mwanzoni walitumia jiwe la eneo lile lililosagwa, jiwe la asili ya volkano ambalo feldispa zake zilikuwa zimegeuka kwa sehemu tu, likawa na kwatzi na ulanga laini mweupe na feldispa kiasi. Na ni katika karne ya 14, zama za ukoo wa Yuan, walipozoea kulichanganya na udongo wa Gaoling, na mchanganyiko huo ukawawezesha kufinyanga sahani kubwa zisizolegea katika moto wa nyuzi 1,300 za Selsiasi. Zama hizo hizo ndizo vilipoanza kutoka kwa wingi vyombo vyeupe vyenye michoro ya buluu, ambavyo rangi yake ya kobalti ililetwa kutoka Uajemi. Na hivyo ndivyo, pamoja na vile vya kijani vilivyochomwa Longquan katika jimbo la Zhejiang, vilivyoingia katika bandari zetu kwa kaskazi ya kila mwaka.

Wasafiri walioona vyombo hivi walitaka kujua siri yake, na majibu waliyopewa yanafaa kusomwa kwa makini. Marco Polo alisimulia kwamba watu wa Uchina huchimba udongo fulani, wakaurundika mafungu makubwa, kisha wakauacha kwa upepo, mvua na jua miaka 30 hata 40 bila ya kuugusa, hata mtu anayerundika fungu huwa anawarundikia watoto wake. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akafika Uchina, alieleza kwamba udongo wa milima ya huko huchanganywa na mawe, ukachomwa siku tatu, ukamwagiwa maji, kisha ukaachwa uchachuke, na ule ulio bora huachwa mwezi mzima. Akaongeza kuwa vyombo hivyo husafirishwa mpaka India na nchi nyinginezo, hata vikafika kwao Maghribi. Wapo waliozicheka habari hizi kuwa ni ngano. Mimi naona kwamba wote wawili waliikaribia kweli kuliko walivyojua wenyewe: waliambiwa kwamba udongo huu ni kazi ya mvua na ya muda mrefu, na hilo ni sahihi kabisa, illa kazi yenyewe ilikwisha fanywa mlimani kabla ya mchimbaji wa kwanza kuzaliwa, na muda wake si miaka 40.

Aliyeandika kwa kuona kwa macho yake ni padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, ambaye barua zake mbili, ya mwaka 1712 na ya mwaka 1722, zilieleza jinsi mawe yanavyopondwa kwa nyundo zinazoendeshwa na maji, unga wake ukafanywa matofali madogo meupe, na jinsi kaolini inavyochimbwa katika vina vya mlima na kuchekechwa majini. Mafundi walimwambia kwamba kaolini ni mifupa ya chombo, na lile jiwe lililosagwa ni nyama yake, na kwamba wageni waliojaribu kufanya chombo kwa nyama bila ya mifupa walishindwa.

Usemi huo wa mafundi una elimu nzima ndani yake, na kemia ya siku zetu imeuthibitisha. Tanuri likifika nyuzi 500 hadi 600, kaolini huyaachilia yale maji iliyoyafunga wakati wa kuoza kwake. Moto ukizidi, ulanga na feldispa zilizobaki zima katika jiwe lililosagwa huyeyuka zikawa kioo kizito, kikazijaza nafasi zote, na ndani ya kioo hicho mabaki ya kaolini hugeuka kuwa sindano nyembamba mno za madini magumu yanayolishika umbo lisianguke. Kwa hiyo sahani ya Kichina imefanywa kwa jiwe lililooza na jiwe lisilooza, yaliyotenganishwa na mvua kwa muda usiohesabika na kukutanishwa tena na mkono wa mfinyanzi. Na ndiyo sababu haipitishi maji, na hulia ikigongwa, na iliyo nyembamba hupitisha mwanga. Chungu chetu cha udongo mwekundu, kilichochomwa juu ya ardhi kwa kuni na makuti, hakifiki katika joto hilo, wala hakikutakiwa kifike, kwa maana kazi yake ni nyingine na huifanya vizuri.

Wazungu waliipata siri hii kwa kuchelewa. Huko Saksonia, Johann Friedrich Böttger na Ehrenfried Walther von Tschirnhaus walifaulu mwaka 1708, na kiwanda cha Meissen kikafunguliwa mwaka 1710; Uingereza, William Cookworthy aliitambua kaolini katika matale yaliyooza ya Cornwall, akapata hati ya kuitumia mwaka 1768; na Ufaransa, katika miaka hiyo hiyo, iligunduliwa Saint-Yrieix karibu na Limoges, ambako yasimuliwa kwamba mke wa tabibu mmoja alikuwa akiutumia udongo ule mweupe kufulia nguo.

Ni katika kiwanda cha Ufaransa, huko Sèvres, alipotokea mtu ambaye jina lake lingepasa kujulikana zaidi. Jacques-Joseph Ebelmen alikuwa mhandisi wa migodi na mwanakemia, akawa mkuu wa kiwanda hicho mwaka 1847, akafa mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Kwa kuwa kazi yake ilimfungamanisha na kaolini, alijiuliza swali ambalo wafinyanzi wa dunia nzima hawakuwa na haja ya kujiuliza: feldispa inapogeuka kuwa udongo, kile kilichoondoka kimekwenda wapi? Katika makala yake ya mwaka 1845 alionyesha kwamba hewa ya ukaa iliyomo katika maji hutumika katika kuioza miamba, kwamba kalsiamu iliyong'olewa husafiri nayo hadi baharini na kugeuka kuwa mawe ya chokaa, na kwamba volkano ndizo zinazoirudisha hewa hiyo angani. Kwa hiyo kuoza kwa mawe ni miongoni mwa mambo yanayopima hewa na joto la dunia kwa nyakati ndefu. Maneno haya yalisahauliwa kwa zaidi ya miaka 100, mpaka Harold Urey, Mmarekani, alipoyafikia tena kwa njia yake mwenyewe mwaka 1952. Kwa maoni yangu hakuna aliyetazama bakuli la kaolini akaona mbali kuliko Ebelmen.

Na hapa narudi katika kuta zetu, kwa sababu hoja ya Ebelmen inazihusu moja kwa moja. Mwambao wa Waswahili, tangu Lamu hadi Kilwa, umejengwa kwa matumbawe, ama yaliyokatwa mabichi baharini, ama yaliyochimbwa katika miamba ya kale ya ufukwe, na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo katika tanuu za magogo. Tumbawe ni kalsiamu na hewa ya ukaa zilizounganishwa na viumbe vidogo vya baharini, na kalsiamu hiyo ililetwa baharini na mito, ikiwa imeng'olewa katika miamba ya bara, sehemu yake kutoka katika mawe ya chokaa ya zamani zaidi na sehemu yake kutoka katika feldispa zinazooza. Basi katika kaburi la Kunduchi yamekutana mafungu mawili ya kazi moja: sahani ni kile kilichobaki mlimani feldispa ilipooza, na ukuta ni kile kilichochukuliwa na maji. Fundi aliyeipachika sahani ile penye chokaa mbichi alitaka pambo na heshima kwa maiti wake, na hayo aliyapata. Hilo jingine limekuwapo pale muda wote, likingoja tu kusomwa.

Kazi hii ya mvua haikutupa vyombo peke yake. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, alichapisha mwaka 1936 ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika ya Mashariki nzima, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha eleza kwamba udongo wa mahali hauna budi kusomwa kama mlolongo, kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Wasukuma walikuwa wakilijua jambo hilo kwa uzoefu wa jembe, wakautenga luseni, udongo wa kichanga ulio karibu na vilima vya matale, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Na sababu ya tofauti hiyo ni kwamba silika na kalsiamu zinazooshwa juu hukusanyika chini, zikafanya udongo wa namna nyingine wenye kushika maji. Juu ya milima yenye mvua nyingi, kama ya Usambara, kuoza kumefika mbali hata udongo mwekundu umebaki na kaolini na chuma, na kaolini haina uwezo mkubwa wa kushika chakula cha mimea. Ndiyo maana msitu ukifyekwa pale, rutuba iliyokuwa ikizunguka baina ya majani na mizizi hupotea upesi, na mkulima huachiwa ardhi nzuri kwa macho na dhaifu kwa mazao.

Wala kaolini yenyewe haiko mbali nasi. Katika vilima vya Pugu, kusini magharibi ya Dar es Salaam, yamo mawe meupe ya mchanga yaliyojaa kaolini, mchanga ulioletwa na mito ya kale kutoka katika miamba ya bara pamoja na feldispa zake, na feldispa hizo zikaoza. Na mapango ya Pugu, ambayo leo ni makao ya popo, yalichimbwa na watu waliokuwa wakiitafuta kaolini hiyo. Mtu aliyezaliwa Kisarawe anaweza kukanyaga maisha yake yote udongo wa jamii ile ile iliyoufanya mji wa Jingdezhen ujulikane duniani, asiambiwe na yeyote.

Kwa hiyo nawasihi waalimu wa Dar es Salaam na wa Mkoa wa Pwani, wanaofundisha kemia kwa upande mmoja na taarikhi kwa upande mwingine kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana, wawachukue wanafunzi wao Pugu asubuhi wakaushike ule udongo kwa mikono, na Kunduchi alasiri wakaitazame kazi ya waashi. Nawasihi kadhalika walio jirani na magofu yetu, tangu Mambrui hadi Songo Mnara, wasiviokote vigae vya Kichina wala wasivibandue vilivyo ukutani kwa kuwauzia wageni, kwa maana kigae kikiondolewa mahali pake, hakuna mtaalamu anayeweza tena kukitumia kuujua umri wa nyumba kilimokuwamo.